Maswali ya Wasomaji: Ndoa ya Kiserikali, Kubatilishwa na Talaka

Barua zilizotufikia hivi karibuni kuhusu kuvunjika kwa ndoa zina utata mmoja unaojirudia: waandishi wengi hawajui kama wanapaswa kuomba talaka au kuiomba mahakama ibatilishe ndoa yenyewe. Nimechagua barua nne. Sheria ninayoitumia katika majibu ni Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, iliyofuta sheria saba za awali na kuziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu.

SWALI: Nilifunga ndoa ya kiserikali katika afisi ya Msajili wa Ndoa jijini Nairobi miezi minane iliyopita. Majuzi, nilipokuwa nikitafuta hati za gari katika bahasha ya kaki ambamo mume wangu huweka karatasi zake, nilikuta cheti cha ndoa ya kanisani ya mwaka 2017 chenye jina lake na la mwanamke wa Kakamega. Nilipomuuliza, alisema waliachana zamani na kwamba wazee wa pande zote mbili walikaa wakayamaliza. Shangazi yangu ananisihi niombe talaka kimyakimya, ilhali mchungaji wetu anasema hapa hakuna ndoa ya kuvunjwa. Nina mimba ya miezi mitano, na tulinunua ploti ambayo imeandikwa jina lake peke yake ingawa karibu nusu ya pesa zilitoka kwenye akiba yangu. Nifuate njia ipi, na mtoto wangu atakuwa na hali gani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana, dada yangu. Mchungaji wenu ameikaribia sheria zaidi ya shangazi, lakini maneno yake yasikufanye ukae ukidhani kwamba huna haja ya kwenda mahakamani. Unayo haja, tena ya haraka.

Talaka huvunja ndoa iliyofungwa sawasawa. Anayeiomba anakubali kwamba siku ya harusi hapakuwa na kasoro ya kisheria, kisha anaieleza mahakama yaliyotokea baadaye, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, au ndoa kuvunjika kiasi kwamba haiwezi tena kurekebishwa. Ombi la kubatilisha ndoa huyaacha yote hayo na kumrudisha hakimu kwenye siku ile ile mliyotia sahihi, ili aulize kama wawili hawa walikuwa huru kuoana na kama kila mmoja alikubali kwa hiari yake. Mahakama ikiridhika kwamba kasoro ilikuwapo tangu siku hiyo, hutoa amri ambayo kwayo wahusika huhesabiwa kuwa hawakuwahi kuoana.

Sababu zinazokubalika zimetajwa katika kifungu cha 73, nazo si nyingi: kwamba wanandoa hawajawahi kukutana kimwili tangu wafunge ndoa, kwamba wana undugu unaokatazwa na hawakuujua, kwamba ndoa ni ya mke mmoja na mmoja wao alikuwa tayari na ndoa nyingine, kwamba idhini ya mwombaji haikutolewa kwa hiari, kwamba mmoja hakuwapo wakati wa kufungwa kwa ndoa, kwamba bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine bila ya bwana harusi kujua, au kwamba mmoja alikuwa na ugonjwa wa akili unaomrudia mara kwa mara na mwenzake hakuambiwa. Kisa chako kinaangukia ile ya tatu. Ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja, na ya kanisani vilevile, kwa hiyo mwanamume aliye ndani ya mojawapo hawezi kufunga nyingine.

Kabla ya kwenda mahakamani, hata hivyo, yapo maelezo ya mume wako kwamba “waliachana zamani”, na ni lazima yachunguzwe. Kikao cha wazee kinaweza kuwapatanisha watu, kugawa vyombo na hata kurudisha mahari, lakini hakiwezi kuivunja ndoa iliyofungwa kanisani na kusajiliwa na serikali. Ndoa ya namna hiyo huvunjwa kwa amri ya mahakama peke yake. Mwambie akuonyeshe amri hiyo ya talaka, na uitazame tarehe yake. Ikiwa ipo na ilitolewa kabla ya harusi yenu, basi ndoa yako imesimama na huna msingi wa kuibatilisha kwa sababu hii. Ikiwa haipo, au ilitolewa baada ya harusi yenu, msingi unao. Wakili wako anaweza pia kuomba upekuzi wa kumbukumbu kwa Msajili wa Ndoa. Nakushauri upige picha cheti ulichokiona, uandike tarehe na namba yake, na kukirudisha pale pale kilipokuwa.

Najua utajiuliza ilikuwaje Msajili asiligundue jambo hili. Sheria inataka ilani ya ndoa ya kiserikali itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya sherehe, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kuliwasilisha. Lakini ilani hubandikwa mahali ndoa itakapofungwa, na mke aliye Kakamega hana njia ya kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani Nairobi. Msajili hutegemea kwa kiasi kikubwa kile ambacho wahusika wenyewe wametamka na kukitia sahihi. Wewe hukudanganya mtu. Uliyedanganywa ni wewe.

Sasa nikuombe uisome aya hii mara mbili. Mahakama hutoa amri ya kubatilisha ndoa chini ya kifungu cha 73 ikiwa tu ombi limewasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa ifungwe. Mwaka huo huhesabiwa kuanzia siku ya ndoa, wala si siku uliyokuta cheti kwenye bahasha. Wewe umekwisha kutumia miezi minane. Nimeona wanawake wenye kesi nzuri wakiipoteza haki hii kwa sababu walisubiri mjomba arudi kutoka safari, au kikao cha pili cha familia, au mume atimize ahadi ya “kulimaliza jambo hili na yule mwingine”. Familia zetu zina desturi njema ya kutofanya haraka katika mambo ya ndoa, na mimi naiheshimu, lakini kalenda ya sheria haisimami kungoja vikao. Mwaka ukipita, utalazimika kutafuta njia nyingine yenye ubishi na gharama zaidi.

Masharti mengine ni mawili. Kwanza, lazima uwe hukujua habari za ndoa ile ya awali wakati ulipofunga yako, na kwa maelezo yako hukuijua. Pili, baada ya kuwasilisha ombi, nyinyi wawili msikutane kimwili tena. Kwa hiyo panga mapema pahali pa kukaa, kwa dada au kwa wazazi, kabla karatasi hazijafika kortini. Kuishi chumba kimoja huku kesi ikiendelea kunampa wakili wake hoja ya bure.

Kuhusu mtoto, utulie. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya kulelewa na kutunzwa na wazazi wote wawili, na inasema wazi kwamba jukumu la baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Amri ya kubatilisha ndoa haiwezi kumvua baba wajibu wa kulipia kliniki, chakula na shule. Isitoshe, sheria inasema kwamba kubatilishwa kwa ndoa hakufanyi jambo lililokuwa halali wakati ule kuwa haramu baadaye. Atakayemwita mwanao jina baya atakuwa amelitoa kichwani mwake, kwa maana katika sheria halimo.

Ploti ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hugawa mali kwa kutazama mchango wa kila mmoja, na katika mchango huo huingiza kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa shamba au biashara ya familia. Lakini sheria hiyo, kama jina lake linavyoonyesha, husimama juu ya ndoa. Mtu anayeiomba mahakama itamke kwamba hakuwahi kuolewa anajiondolea sehemu ya ngazi hiyo, na upande wa pili hautachelewa kulisema jambo hilo. Hata hivyo, hutabaki mikono mitupu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwanamke na mwanamume waliokuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi bila ndoa kuthibitishwa. Mahakama ilikataa kudhania kwamba walikuwa wameoana, lakini papo hapo ikaamua kwamba aliyechangia kupata mali ana haki ndani ya mali hiyo, na kwamba yule ambaye jina lake limo kwenye hati huhesabiwa kuwa anaishika sehemu ya mwenzake kama amana. Kanuni hiyo inakufaa, mradi uthibitishe ulichokitoa. Omba taarifa ya akaunti yako katika chama cha akiba na mikopo inayoonyesha siku ulipochukua pesa, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zilikokwenda, nakala ya mkataba wa mauzo, na jina la aliyeshuhudia mkitia sahihi. Wakili akiona kuna hatari ya ploti kuuzwa, anaweza kuiomba mahakama izuie uhamisho wake hadi kesi isikizwe.

Fikiria pia suala la matunzo yako mwenyewe. Mahakama inaweza kuamuru mmoja wenu amtunze mwenzake wakati kesi ya ndoa ikiendelea, na pia inapotoa amri ya utengano au talaka. Anayebatilishiwa ndoa ana madai dhaifu zaidi baada ya kesi kwisha. Kwa hali yako, ambapo ndoa ina miezi minane na mume ana mke mwingine, bado naona njia iliyo sahihi ni kubatilisha. Talaka ingekulazimu kukiri kwamba ilikuwapo ndoa halali ambayo, kwa sheria, haikuweza kufungwa.

Jambo la mwisho katika barua yako hukuliuliza, lakini nitalitaja. Kufunga ndoa ilhali una mke aliye hai ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitano. Kumshtaki au kutomshtaki ni uamuzi wako, nawe unaweza kupata amri ya kubatilisha ndoa bila ya kupita polisi. Ikiwa ada ya wakili inakulemea, FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza.

SWALI: Mimi na mke wangu tulifunga ndoa ya kiserikali Eldoret miezi mitano iliyopita. Tumegombana tangu mwezi wa pili, naye amerudi kwao. Nimeambiwa kwamba talaka haiombwi kabla ya miaka mitatu, kwa hiyo nataka ndoa ibatilishwe ili nirudi kuwa kijana asiyewahi kuoa. Inawezekana? – Kijana, Eldoret

JIBU: Kwa haya uliyoyaeleza, haiwezekani, ndugu yangu. Magomvi yenu yalianza mwezi wa pili wa ndoa, nayo sheria ya kubatilisha huuliza habari za siku ya kwanza. Mlikuwa huru kuoana, mlikubali wenyewe, na mashahidi wenu wawili walitia sahihi. Kutoelewana, hata kuwe kukali namna gani, ni jambo la talaka au la upatanisho.

Habari ya miaka mitatu si uvumi mtupu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kiliandikwa kwa namna iliyowazuia wanandoa wa ndoa ya kiserikali kuomba utengano au talaka kabla ya miaka mitatu kupita, wakati wale wa ndoa za aina nyingine hawakuwekewa kizuizi hicho. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sehemu hiyo inakiuka Katiba. Kwa hiyo usitunge kasoro ya kubatilisha ndoa kwa kuogopa miaka mitatu. Nasisitiza neno kutunga, kwa sababu ombi huambatana na hati ya kiapo, na kuapa uongo kwamba ulilazimishwa au kwamba hamjawahi kukutana kimwili ni kosa litakalokuumiza kuliko ndoa unayoikimbia.

Kifungu hicho hicho cha 66 kinairuhusu mahakama kuwapeleka wanandoa wa ndoa ya kiserikali kwenye upatanisho wowote watakaokubaliana. Miezi mitano ni michache mno. Kabla ya kumtafuta wakili, mtafute mtu ambaye nyote wawili mnamheshimu, ambaye si wa upande wako wala wake, naye awasikilize pamoja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa Voi. Binti yangu alifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya wa zamani, pale zinapofungwa za serikali, na kijana anayefanya kazi Doha. Siku mbili baada ya sherehe kijana alirudi kazini, na siku hizo mbili hawakulala pamoja kwa sababu alisema hajisikii. Sasa ni miezi saba hapigi simu. Naweza kwenda kortini kumwombea mwanangu ndoa ibatilishwe, maana yeye anaona haya? – Mama wa Voi

JIBU: Marahaba, mama. Huwezi kumwombea, kwa kuwa sheria inampa haki hiyo mhusika wa ndoa mwenyewe. Mzazi anaweza kumsindikiza na kumlipia, wala hawezi kutia sahihi badala yake. Lakini msingi anao. Ndoa ambayo wahusika hawajakutana kimwili tangu ifungwe ni sababu ya kwanza kabisa iliyotajwa katika kifungu cha 73, na mahakama haidai mwenye kosa ajulikane ni nani.

Mweleze binti yako kwamba haya yake yana kinga. Kesi za kifamilia zinapochapishwa, majina hufichwa na kubaki herufi za mwanzo tu, hivyo jirani atakayeisoma hukumu hatajua ni ya nani. Uthibitisho wa kawaida ni maneno yake mwenyewe chini ya kiapo, yakiungwa mkono na mambo yanayoonekana, kama vile tarehe ya harusi, tiketi au muhuri wa pasipoti unaoonyesha siku mume aliposafiri, na simu zisizojibiwa. Kuwa mume yuko ng’ambo hakuizuii kesi, kwani mahakama inaweza kuruhusu apelekewe karatasi kwa njia nyingine, ikiwamo barua pepe au ujumbe wa simu, ikiwa hapatikani kwa njia ya kawaida.

Mama, miezi saba imekwenda. Imebaki mitano, na kupata wakili, kuandika ombi na kuliwasilisha huchukua wiki kadhaa. Mtu asikubembelezeni msubiri kijana aje likizo mwezi wa kumi na mbili.

SWALI: Nilifunga ndoa katika Kanisa Katoliki miaka 11 iliyopita, tumetengana kwa miaka sita. Mwaka huu Mahakama ya Kanisa imetamka kwamba ndoa yangu ilikuwa batili. Nimepata mchumba na tunataka kufunga ndoa ya kiserikali. Nikimpelekea Msajili barua ya Kanisa, itatosha? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Haitatosha, na ukijaribu utajitia hatarini. Padri aliyekufungisha ndoa alifanya kazi mbili kwa mara moja: aliadhimisha sakramenti, na kwa leseni aliyopewa na serikali alifungisha ndoa iliyosajiliwa. Mahakama ya Kanisa imeamua juu ya ile ya kwanza. Ya pili bado imo katika kumbukumbu za Msajili, na mbele ya sheria ya nchi wewe ungali na mke au mume. Ukitia sahihi mbele ya Msajili kwamba huna ndoa, utakuwa umemfanyia mchumba wako yale yale aliyofanyiwa dada wa Nakuru.

Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba hatua yako inayofuata ni talaka, ilhali Kanisa limesema hapakuwa na ndoa. Lakini mwaka mmoja wa kifungu cha 73 ulikupita miaka kumi iliyopita, na sababu ambazo Kanisa huzitazama, kama vile ukomavu wa wahusika au nia waliyokuwa nayo moyoni, si lazima ziwe sababu mbele ya hakimu. Talaka yako haielekei kuwa ngumu, kwa sababu sheria inautambua uvunjikaji usiorekebishika, na miaka sita ya kutengana ni ushahidi mzito. Wala usiogope kwamba kuomba talaka kortini kutaiharibu hukumu ya Kanisa. Kila mahakama husema juu ya lililo lake. Mambo haya hukatika vivyo hivyo kwa upande wa pili: aliyebatilishiwa ndoa na mahakama ya serikali bado atalazimika kulifikisha suala lake kwenye jimbo lake akitaka kufunga ndoa kanisani.

Wasomaji wa pwani huuliza kama faskhi ya kadhi ni jambo hilo hilo. Ndoa ya Kiislamu huongozwa na sheria ya Kiislamu, na kadhi akitoa faskhi, kwa mfano kwa mume aliyeacha kumtunza mke, huwa anaivunja ndoa iliyokuwapo, na mke aliyeingiliwa hukaa edda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena. Kwa hiyo faskhi ya namna hii iko karibu zaidi na talaka kuliko amri ya kifungu cha 73.

Kwako wewe wa Nyeri, utaratibu ni huu: wasilisha ombi la talaka katika Mahakama ya Hakimu, uambatanishe cheti cha ndoa ya kanisani, na uombe amri ya mwisho itakapotoka upewe nakala iliyothibitishwa. Nakala hiyo ndiyo utakayompelekea Msajili pamoja na ilani ya ndoa yako mpya, na siku 21 zitaanza kuhesabiwa kuanzia hapo.